Leseni ya trela unayo, uzoefu huna: nilivyoingia barabara ya Malaba nikitokea Nakuru

Ndugu uliyeuliza juzi: umesema umeendesha kanta, lori dogo, ya viazi kati ya Molo na soko la Nakuru kwa miaka miwili, sasa umepata leseni ya CE, ile ya trela, lakini kila kampuni inataka miaka mitano ya trela. Unauliza utaipata wapi miaka hiyo ikiwa hakuna anayekukabidhi trela. Nimepita hapo hapo ulipo, nikaingia, na bado niko barabarani. Vumilia nieleze kwa urefu.

Anza kwa kujua mwenye gari anaogopa nini. Kichwa cha lori na trela lake ni mamilioni ya shilingi, na mara nyingi mzigo ulio juu ni ghali kuliko gari. Akiandika miaka mitano, shida yake hasa ni kwamba hakujui. Hajui kama utachoma breki, kama utauza dizeli njiani, kama simu itazimwa ukifika Bungoma. Hayo hayaonekani kwenye barua ya maombi hata uiandike vizuri namna gani. Yanaonekana yadini, mbele ya macho ya mtu mwingine.

Ndiyo maana mimi niliacha usukani wa kanta nikaenda kuwa tanboi wa trela, yaani msaidizi wa dereva. Nyumbani waliona nimerudi nyuma, na mapato yalipungua kweli. Lakini tanboi mwenye leseni si sawa na tanboi mwingine. Nilijifunza kufunga na kufungua trela, kuunganisha mipira ya hewa, kukaza turubai lisipeperuke, kugonga tairi moja moja na kusikia ile isiyo na upepo. Na trela likishashushwa mzigo, dereva akiwa hana haraka na mwenye gari ameruhusu, nilipewa nirudishe nyuma ndani ya yadi. Hapo ndipo wengi wanaotoka kwenye kanta hukwama wakipelekwa majaribio. Ukikata usukani kulia, mkia wa trela unakwenda kushoto, halafu ni lazima uanze kuufuata na kichwa kabla haujakunja kupita kiasi. Anza polepole, ukikosea songa mbele unyooshe, rudia. Msimamizi wa yadi anamheshimu dereva anayeshuka kuangalia nyuma kuliko anayebahatisha kwa vioo.

Sasa mteremko, na hapa naomba unisikilize sana kwa sababu ni uhai wa watu. Ukirudi kutoka Malaba, mpakani na Uganda, na mzigo, tuseme kahawa ya Uganda, ukishapita Timboroa na Mau Summit unaanza kushuka Sachangwan, Migaa, hadi Salgaa. Unajua mwenyewe watu waliokufa pale. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017 basi na lori ziligongana Migaa, wakaenda watu zaidi ya 30 kwa mara moja. Gia ya kushukia inachaguliwa juu, kabla mteremko haujaanza. Ukingoja hadi gari limeshika kasi, gia ndogo haitaingia tena. Breki ya injini na ya eksozi ndizo zinazolishikilia gari. Breki ya mguu ni ya kukanyaga kidogo, kuachia, kukanyaga tena. Ukiikanyaga mfululizo ngoma zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki, huku hewa ya breki kwenye tangi ikipungua kuliko kompresa inavyojaza. Atakayekwambia uweke nyutro ili ubakishe mafuta, usipande naye gari moja. Nilipopelekwa majaribio ya barabarani, mwalimu hakuniuliza miaka. Aliniuliza ningeshuka Sachangwan na gia gani nikiwa nimebeba, na kwa nini.

Kama utanboi huuwezi kwa sababu ya familia, kuna njia ya katikati: wenye lori mbili tatu huko Kitale, Eldoret, Bungoma na Kisumu. Hawa hubeba mahindi, sukari, simenti, na hawana ofisi ya kuajiri. Wanasikiliza dereva wao mwingine anasema nini. Omba lori la magurudumu kumi kwanza. Ukikaa nalo muda bila kelele, namba ya simu ya huyo mwajiri ndiyo itakayokufungulia trela. Matangi ya mafuta yaache kwa sasa, ingawa bohari za mafuta ziko Nakuru, Eldoret na Kisumu na kazi inavutia. Tangi lisipojaa, mafuta yanacheza ndani na kulisukuma gari kwenye kona, na dereva wake anahitaji kibali cha EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, juu ya leseni.

Makaratasi yaweke tayari, kwa sababu nafasi huja dereva mmoja akiugua na gari linaondoka jioni hiyo hiyo: leseni, cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi), pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, Uganda watakuuliza. Usiichanganye na Kadi ya Njano ya COMESA, ile ni bima ya gari. Mzigo unaopita kwenda nchi jirani hufungwa lakiri ya kielektroniki inayofuatiliwa, kwa hiyo huchepuki na husimami popote unapojisikia.

Wanaokuitisha pesa ya kusajiliwa kwenye WhatsApp waache. Mwenye gari hasa anataka kukuona ukiendesha, hataki shilingi yako.

Ukipewa ufunguo, kabla hujawasha uliza mambo mawili mbele ya mtu mwingine. Posho ya safari inalipwa kabla au baada? Na mizani ya Gilgil au Webuye ikikuta ekseli imezidi, faini ni ya nani? Akijibu kwamba ni ya dereva, wakati mzigo amepakia yeye, mrudishie ufunguo wake kwa heshima uendelee kutafuta.