Kadi ya grafiki kwa laki sita: soma kwanza stika ya pawa saplai

Mkuu wa Lindi, nimekuelewa. Una Dell OptiPlex 7010 ile ya kusimama, Core i5-3470, RAM GB 8 na monita ya ofisini yenye tundu la VGA peke yake. Mfukoni laki sita. Unataka GTA V, eFootball na gemu la malori, na umebaki na kadi tatu kichwani: RX 580 ya GB 8, GTX 1650 na RTX 3050. Wengi waliotangulia kukujibu wamesema beba 580, ina GB 8 na bei yake imeshuka. Mimi nasema iache. Nina chumba cha gemu hapa Mtwara, Magomeni, na karibu mashine zangu zote zilianza kama hiyo yako: mtumba wa ofisi uliopachikwa kadi.

Fungua mfuniko wa pembeni, soma stika ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine. Kwenye 7010 ya kusimama utakuta wati 275. Prosesa yako peke yake imepangiwa wati 77. RX 580 inakula wati 185. Hapo tayari ni 262, na bado hujagusa diski, feni, RAM wala mazabodi yenyewe, yaani ule ubao mkuu. Halafu pawa saplai hiyo haina ule waya wa pini nane ambao 580 inaudai. Fundi atakwambia hilo dogo, tunaunga na adapta ya SATA, ile plagi ya kulishia diski. Mkatalie. Plagi ya SATA upande wa volti 12 imetengenezwa kubeba ampea 4.5, yaani wati 54, wakati waya wa pini nane unaruhusiwa kupitisha hadi wati 150. Jirani yangu aliungiwa hivyo, na plagi nimeitoa mimi ikiwa imeyeyuka na kugandana na waya. Mashine ilikuwa inazima kila gemu likipamba moto, yeye akidhani ni virusi.

Kwa hiyo kwa mashine zetu hizi kadi inachaguliwa na pawa saplai, jina kubwa linafuata baadaye. Sloti ndefu ya mazabodi inatoa hadi wati 75 bila waya wowote wa ziada. Tafuta kadi inayoishi ndani ya wati hizo. Kwa mwenye bajeti ya mtumba, hapo wapo GT 1030, GTX 1050 Ti, GTX 1650, RX 6400 na RTX 3050 ya GB 6.

GT 1030 ipite tu. Mbaya zaidi ipo ya aina mbili zenye jina moja: yenye memori ya aina ya GDDR5 inapitisha GB 48 kwa sekunde, yenye DDR4 inapitisha chini ya GB 17. Boksi zinafanana, muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui anauza ipi.

1050 Ti ya mwaka 2016 imenilisha miaka mingi, siwezi kuisema vibaya. GTA V inacheza bila kukwama. Ila Nvidia, watengenezaji wake, walifunga draiva za gemu (programu zinazoiendesha kadi) kwa kizazi chake Oktoba 2025, sasa kinachokuja ni marekebisho ya usalama tu. Kama unainunua leo kwa pesa yako ya jasho, hilo liingize kwenye hesabu. Ukiipata kwa bei ya kutupa, chukua bila aibu.

1650 ndiyo ningekupa wewe. Ni ya 2019, GB 4, wati 75, na draiva bado zinakuja. Angalia mambo mawili. Kwanza, zipo zilizowekewa tundu la pini sita juu. Hizo kwako hazifai, taka isiyo na tundu. Pili, zipo za GDDR5 na za GDDR6. Ya GDDR6 memori yake inapitisha GB 192 kwa sekunde dhidi ya 128 za ile ya mwanzo, na kwenye gemu tofauti unaiona. Ila matoleo mengi ya GDDR6 ndiyo hayohayo yenye tundu la pini sita. Ukilazimika kuchagua, chagua isiyo na tundu hata kama ni GDDR5.

RTX 3050 hapo ndipo wauzaji wanapochanganya watu. Ipo ya GB 8 ya mwaka 2022, wati 130, inataka waya wa ziada. Na ipo ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, wati 70, haitaki waya. Ya GB 6 ni kadi nzuri kuliko 1650, na ukiikuta ndani ya laki sita ikiwa hai, ikamate. Lakini usijibane ukakopa kwa ajili yake. Prosesa yako i5-3470 ina koa nne tu (vichwa vya kufanyia kazi ndani ya chipu) na ni ya 2012, kwenye gemu zenye watu wengi prosesa ndiyo itakayochoka kwanza, kadi itakaa inasubiri. Na kama monita yako ni ya 1600 kwa 900, kama nyingi za ofisini zilivyo, hata 1650 inakutosha vizuri.

RX 6400 ni wati 53, kadi fupi nyembamba, inafaa zaidi kwa wenye OptiPlex zile nyembamba ambazo kadi ya kawaida haiingii. Haina uwezo wa kurekodi video kwa chipu yake, kwa hiyo mwenye ndoto za YouTube aiache. Na kati ya waliokujibu kuna mtu ametaja kadi ya Intel Arc A380, nayo ni wati 75. Kwa 7010 sahau. Kadi za Arc zinategemea kitu kinaitwa Resizable BAR, na mazabodi yako haina.

Najua kuna atakayesema si abadili pawa saplai tu. Inawezekana. 7010 ya kusimama ina bahati, plagi yake ya mazabodi ni ile ya kawaida ya pini 24. Kwenye zilizofuata, 7020 na 9020, Dell waliweka plagi yao ya pini nane, ukitaka kubadili mpaka adapta. Lakini zile pawa saplai za bei chee zilizoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, zinyanyue mkononi: ni nyepesi kama boksi tupu la viatu. Nzuri inakula sehemu kubwa ya laki sita yako kabla hujanunua kadi. Na kuna Luku. Tofauti ya 580 na 1650 ni wati 110. Mimi mashine zinapiga kazi saa kumi kwa siku, hiyo ni uniti moja na kidogo kila siku kwa kila mashine. Wewe wa nyumbani hutalia sana, mimi ningefunga chumba.

Sasa kununua. Kadi nyingi zinatoka Kariakoo, zinapanda basi, sisi tunapokea stendi ya Mkanaledi. Mzigo ukishafika huku, kuurudisha ni kesi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mwenye mzigo wake njiani alijua maana ya kusubiri. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike kule kule kabla muuzaji hajafunga boksi. Mwombe video moja isiyokatwa: kadi ikionyeshwa pande zote, ikichomekwa, kompyuta ikiwaka, kisha programu ya GPU-Z, inayosoma chipu ya kadi, ikifunguliwa. 1650 ya kawaida itaonyesha chipu TU117, 1050 Ti itaonyesha GP107. Ukiona GF116, au neno FAKE mbele ya jina, hiyo ni kadi ya zamani iliyobadilishwa jina ndani. Mteja wangu mmoja aliletewa 1050 Ti ya namna hiyo. Draiva ya kawaida iligoma kuingia, na kabla hata ya hapo nilishaitilia shaka kwa sababu ilikuwa na tundu la VGA. Kuanzia kizazi cha 1050 chipu za Nvidia hazitoi VGA kabisa.

Ukiangukia kwenye 580 kwa ajili ya mashine nyingine, GPU-Z hiyohiyo ikuonyeshe 2304 kwenye hesabu ya koa zake. Ikisema 2048, hiyo ni ile ya soko la China, kwa uwezo ni RX 570. Na nyingi zimetoka kwenye mashamba ya kuchimba Ethereum, sarafu ya kidijitali, yaliyofungwa Septemba 2022. Kuchimba peke yake hakuui kadi, kinachochakaa haraka ni feni na pesti ya kupitishia joto juu ya chipu.

Kadi iliyokaa huku pwani ikague zaidi. Bati la nyuma likiwa na kutu na miguu ya dhahabu inayoingia kwenye sloti ina ukijani, jua imekaa karibu na chumvi muda mrefu. Ukijani mdogo unafutika kwa spiriti, ila kutu ikishaingia kwenye skrubu za kipoza joto mimi naondoka. Kama huna haraka, vizia Februari na Machi. Pesa ya korosho ikishatawanyika, watu wa Masasi, Newala na hapa mjini wanaanza kuuza walivyonunua Desemba, na unakiona kitu kikiwaka mbele yako.

Chenji itakayobaki nunua RAM ya DDR3 ya pili inayofanana na uliyonayo, mashine ina sloti nne. Kama GB 8 zako ni kijiti kimoja, kuongeza cha pili kutapunguza kukwamakwama kuliko unavyodhani. Yupo ambaye angeanza na SSD, diski ya kasi. Nayo ni sawa, gemu zitafunguka haraka, ila fremu, yaani picha kwa sekunde, hazitaongezeka.

Kabla hujaichomeka kadi, pandisha BIOS ya Dell (programu ya mazabodi inayowasha mashine) hadi toleo la mwisho lililopo kwenye tovuti yao. Na monita yako: 1650 haina VGA, kwa hiyo agiza kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani, kile chenye kikebo kifupi. Vile vya plastiki vya kuchomeka kwenye DVI havitatoa picha hata kidogo. Kikija, chomeka waya wa monita kwenye kadi na siyo kwenye tundu la zamani la mazabodi; nusu ya wanaonipigia kwamba kadi haifanyi kazi wamechomeka pale.