Kabla hujakubali kuingia bodi ya makumbusho, omba rejista

Wanaoniomba ushauri kuhusu bodi za makumbusho mara nyingi wameshapokea barua ya uteuzi. Ni walimu wastaafu, wafanyabiashara, wanasheria wa Mbeya na Iringa, watu wanaoheshimika kwao. Huuliza vikao ni vingapi kwa mwaka na kama kuna posho. Ninawajibu kwamba kabla ya kusaini barua hiyo waende wakaombe kuona rejista ya mikusanyo.

Hilo ndilo daftari linaloandika kila kitu kilichoingia: namba yake, tarehe, nani kakileta, kimetoka kijiji gani, ni zawadi au ni azima, kilikuwa na hali gani siku hiyo, na sasa kimewekwa wapi. Chagua namba chache ovyoovyo, umwombe mhifadhi akuoneshe vitu vyenyewe. Kisha geuza: nyoosha kidole kwenye chungu au ngao iliyoko rafuni, uombe karatasi zake. Nusu saa hiyo itakueleza hali ya chama kinachoendesha makumbusho zaidi kuliko katiba na mpango mkakati. Mpango mkakati mtu anaweza kukuandikia kwa wiki moja. Rejista iliyotunzwa ni kazi ya miaka ya mtu mwaminifu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu mjumbe wa bodi amekabidhiwa vitu ambavyo si vyake, na mara nyingi si vya chama pia. Watu wa Iringa tunajua kitu kikiondoka bila maandishi kinavyosumbua kurudi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alijiua Julai 1898, kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Halikutoka. Ilibidi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aende mwenyewe Bremen mwaka 1953, kwenye makumbusho yenye mkusanyo mkubwa wa mafuvu, na hakukuwa na karatasi ya kumwambia lipi ni lipi. Walichagua kwa kuangalia vipimo vya kichwa. Fuvu lililochaguliwa ndilo lililokabidhiwa Kalenga, karibu na mji wa Iringa, mwaka 1954, na sasa limo kwenye makumbusho ya pale. Ukienda pale, simama mbele ya lile kabati la kioo ukijua kwamba safari yote ile iliishia kwenye kubahatisha kwa kipimo, kwa sababu waliopokea hawakuandika walichopokea. Sisi wa makumbusho ndogo hatuna kisingizio cha kurudia hayo kwa mali za ndugu zetu wenyewe.

Sasa angalia jambo hili linavyofika mezani. Mzee mmoja wa upande wa Tosamaganga alituletea mkuki wa babu yake, umefungwa kwenye khanga. Baadhi yetu tulikuwepo, na katibu alishatoa simu apige picha ya makabidhiano. Mhifadhi wetu, mama mtaratibu sana, alimsalimu kamwene, akamkaribisha kiti, akamletea chai, kisha akamuuliza, "Baba, mkuki huu ni wako peke yako, au ni wa ukoo?" Mzee alinyamaza kidogo. "Ni wa ukoo. Mimi nimeachiwa tu." Hatukuupokea siku ile. Tuliwaita mdogo wake na shangazi yao, wakakaa, wakabishana, wakarudi nyumbani, wakaja tena. Mwisho hati iliandikwa kwamba ni azima, kwa muda unaotajwa, na kwamba ukoo unaweza kuuchukua kwa siku za tambiko na kuurudisha. Ilisainiwa na wanaukoo watatu na mashahidi wawili, nakala moja wakaondoka nayo.

Bodini tulilumbana juu ya sharti la tambiko. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba kitu kikishaingia makumbusho hakitoki. Mimi niliunga mkono ukoo, na ningefanya hivyo tena leo. Mkuki unaotoka kwa maandishi na kurudi kwa maandishi uko salama kuliko ule ambao ukoo unaona umeporwa. Kwa hiyo ukiwa bodini, dai fomu ya makabidhiano iliyopitishwa na bodi, yenye sehemu mbili zilizo wazi, zawadi na azima, na usikubali kitu chochote kiingie kabla haijajazwa.

Kuhusu vikao nitasema moja tu, maana mengine utayajua ukifika. Maamuzi mazito ya vyama vyetu hupenda kujificha kwenye mengineyo, kile kipengele cha mwisho cha ajenda. Wajumbe wamechoka, wa Makambako anawahi basi, akidi inayumba, ndipo mtu anasema, "Mwenyekiti, kuna kajambo kadogo." Kajambo hako huwa ni kuuza kiwanja, au kumwazimisha mtu vitu, au kubadilisha watia sahihi benki. Omba kwa adabu kaende kwenye ajenda ya kikao kijacho, na kikao hicho kikifika hakikisha kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, kameandikwa. Kama mwenyekiti ni mtu mzima kuliko wewe, mwamkie, mpe heshima yake yote, halafu sema, "Mzee, naomba nitofautiane, na naomba muhtasari uoneshe hivyo." Sijaona mzee mwenye busara aliyechukia kwa hilo.

Hivyohivyo na ufunguo wa stoo. Ufunguo ni wa mhifadhi. Mjumbe wa bodi asiwe nao, hata mwenyekiti. Kuna mwaka lilikuja wazo la kupeleka ngoma kuukuu kwenye Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya, ili chama kijulikane. Nia ilikuwa njema. Lakini Agosti ni kavu, vumbi ni la kufumba macho, jua la mchana ni kali na usiku baridi inauma. Ngozi iliyozoea giza na utulivu wa stoo ingepasuka kabla maonesho hayajaisha. Mhifadhi alikataa, na bodi ikamtetea. Vilikwenda picha kubwa, vikapu vipya vya milulu na vyungu vya Wakisi vilivyonunuliwa sokoni, vitu ambavyo watoto wangeweza kuvishika. Kazi ya bodi ni kumlinda mhifadhi anaposema hapana kwa sababu za kitaalamu, hata kama mwombaji ni mheshimiwa.

Fedha. Viingilio haviendeshi makumbusho, hasa wageni wengi wakiwa wanafunzi, na kuwapandishia wanafunzi bei ni kosa. Ufadhili wa mradi ukija utakarabati jengo na kuchapa mabango, ila mlinzi, umeme na dawa ya mchwa vinabaki baada ya mradi kuondoka. Ninapopitia bajeti huanza na vifungu hivyo vitatu, kisha paa. Huku kwetu mvua zinaanza karibu Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na Rungwe ndiko kabisa hakukauki. Bati likivuja Januari, koga itakuwa imekula ngozi na nyuzi kabla hamjaitisha kikao cha dharura. Fedha ya kukagua paa na mifereji itengwe itoke Septemba. Mfadhili hapendi kuandika jina lake kwenye mfereji wa maji, kwa hiyo bodi ndiyo itafute fedha hiyo.

Posho nasema wazi. Nauli na chakula cha anayetoka mbali ni haki yake. Zaidi ya hapo, chama kisicho cha faida kinachomlipa mjumbe posho ya kikao huku mshahara wa mlinzi umelala kimepoteza njia, na ukiwa ndani unatakiwa kulisema. Maana ya makumbusho iliyopitishwa na ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, kule Prague Agosti 2022 inaanza na taasisi ya kudumu isiyo ya faida, na kudumu huko kunalipiwa na fedha ambazo hazikugawanwa mezani. Kanuni za maadili za ICOM pia zinawakataza watu wa makumbusho kushiriki biashara ya urithi. Kama unanunua na kuuza vitu vya kale, chagua kimoja, biashara hiyo au bodi. Na kumbuka kwamba kusafirisha malikale nje ya nchi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mgeni mwenye dola akimfuata mjumbe hotelini kuulizia kigoda, jibu ni moja.

Uliza pia chama kimesajiliwa wapi. Kama ni chini ya Sheria ya NGO ya mwaka 2002, kuna taarifa ya mwaka ya kupeleka kwa Msajili, na uombe kuona ya mwisho ikiwa na mhuri. Kama jengo na kiwanja viko mikononi mwa wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, soma majina yao. Vyama vingi vina wadhamini waliokwishatangulia mbele ya haki na bado ndio wenye mali kwenye makaratasi. Siku ya mgogoro wa kiwanja, marehemu hawezi kuitwa shahidi.

Muda wako ukifika, ondoka. Rudisha mafaili, mihtasari na mhuri kwa kukabidhiana kwa maandishi, mtambulishe anayekufuata kwa wazee wa koo zilizoazimisha vitu, wamjue kwa sura. Kama ulikuwa mtia sahihi, nenda mwenyewe benki na muhtasari wa kikao ukahakikishe jina lako limetolewa kwenye akaunti.