Acha sanamaki kabla ya kumeza kile kidonge

Simama hapo hapo mkuu! Umeuliza kuhusu kile kipimo cha kumeza kidonge ili kuona choo kinatembea kwa kasi gani tumboni: bei, chakula cha wiki ya kipimo, na kama unaweza kuendelea na sanamaki, yale majani ya kulainisha choo, usiku ili usiteseke. Nakujibu hilo la sanamaki tu: usithubutu.

Kidonge chenyewe kina vipete 24 vinavyoonekana kwenye eksirei. Unakimeza, siku ya 5 unapigwa picha, wanahesabu vilivyobaki tumboni. Vikizidi 5, choo kinakawia. Sanamaki kazi yake ni kuusukuma utumbo mpana, kwa hiyo ukiinywa wiki hiyo inapimwa sanamaki, utumbo wako haujapimwa.

Mimi muuza duka la dawa aliniambia, tena kwa kujiamini, "Hayo majani tu ndugu yangu, hayahesabiki dawa." Nikanywa. Picha ikatoka haina hata kipete kimoja, nikaandikiwa kwamba mwendo ni wa kawaida, nikarudishwa nyumbani nikale mapapai na kunywa maji. Miezi ikapita nakaa chooni mpaka miguu inakufa ganzi, na anayecheka habari hizi acheke, hayajamfika. Kurudia kipimo ni hela nyingine, mionzi mingine, ruhusa nyingine kazini. Mtu anashinda nyuma ya kaunta ya dawa halafu hajui kwamba majani nayo ni dawa! Hasira haijanitoka hadi leo.

Mara ya pili sikugusa cha kulainisha choo. Vipete vikaonekana vimerundikana chini kabisa, usawa wa kifandugu, kama shanga zilizokatika uzi. Huko juu hamna kitu. Wakanipima tena kwa kusukuma kiputo, yaani kiputo kidogo wanachokuwekea kwenye njia ya haja kubwa ukisukume kitoke, ikathibitika: utumbo unasukuma vizuri, ila misuli ya njia ya haja kubwa inabana pale inapotakiwa kuachia. Dawa yake ni mazoezi ya kuifundisha hiyo misuli, na mtaalamu akiwepo. Vingekuwa vimetapakaa utumbo mzima, ningeambiwa utumbo wenyewe ndio mzito, na tiba ingekuwa nyingine kabisa. Yote hayo sanamaki iliyafuta.

Dawa za presha au sukari endelea nazo, ninazosema uache ni za choo. Muulize daktari uziache siku gani, na ukizidiwa utumie nini. Ukianza kutapika, au tumbo likivimba na hata ushuzi hautoki, kimbia hospitali, kipimo kitasubiri. Na kama siku ikifika umeshakunywa sanamaki, waambie kabla hujameza kidonge, wakupangie tarehe nyingine.