Weka mchoro mezani kabla ya kumwita mgeni

Klabu nyingi za uhandisi za wanafunzi hufa kwa hotuba. Anaalikwa mhandisi mwenye jina, anasimulia safari yake ya kazi kwa saa nzima, picha zinapigwa, watu wanatawanyika. Kikao kijacho anatafutwa mwingine. Mwaka unaisha wanafunzi wamesikia mengi na hawajakunja hata kipande cha bati. Nimekuwa katibu wa klabu moja na baadaye mlezi wa nyingine, na kilichozifanya zidumu ni kimoja: kila kikao kiwe na mchoro wa kitu ambacho bado hakijatengenezwa, na kazi ya waliokuja iwe kuuhoji.

Sisemi wageni wasiitwe. Waiteni, ila wapeni mchoro na kalamu nyekundu badala ya kipaza sauti. Mhandisi mzoefu ataitazama fremu ya kigari chenu kwa dakika mbili, kisha aulize, "Hii bolti mtaifikia vipi na spana?" Chumba kizima kinanyamaza. Swali hilo moja litawafaa kuliko wasifu wake wote. Na msidhani lazima mpate mkubwa ndipo muanze. Taasisi ya wahandisi wa ujenzi ya Uingereza ilianzishwa London mwaka 1818 na vijana wachache waliokutana kwenye mkahawa wa kahawa ili waelimishane. Thomas Telford, aliyekuwa tayari gwiji wa barabara na madaraja, alikubali kuwa rais wao mwaka 1820. Alikuta vijana wana kikao chao.

Sasa mradi wenyewe. Chagueni mdogo, na uandikieni sharti linalopimika. Ukiwaambia wanafunzi "jengeni daraja la vijiti lenye nguvu", watamimina gundi na kurundika vijiti mpaka lifanane na gogo. Waambie daraja livuke mwanya wa sentimita 60, libebe kilo 20, na mshindi awe mwenye daraja jepesi zaidi: hapo ndipo hesabu inapoingia mlangoni. Watagundua kwamba vijiti vya juu, vile vinavyobanwa, havivunjiki kwanza, vinabonyea pembeni. Leonhard Euler alilieleza jambo hili kwa hesabu katika karne ya 18: nguzo nyembamba ikirefushwa mara mbili, mzigo inaoweza kuuhimili kabla ya kubonyea hushuka hadi robo. Maana yake ni kwamba kijiti kimoja kidogo kikifungwa vizuri katikati ya kile kirefu kinaweza kukipa uwezo mara nne. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hatakubali tena kuongeza unene bila kufikiri.

Jambo la pili ni kuvunja mapema. Msisubiri siku ya maonyesho. Tengenezeni kiungo kimoja tu, kitundikeni, ongezeni uzito kidogo kidogo mpaka kiachie, mwandike namba. Mara nyingi gundi ndiyo inayotangulia kusalimu amri, au tundu lililotobolewa karibu mno na ukingo. Ni afadhali kujua hayo wakati mmetumia vijiti vitatu kuliko mia tatu. Vaeni miwani ya kinga; vipande huruka.

Lakini nikilazimishwa kubaki na ushauri mmoja, nitabaki na daftari la mabadiliko. Mradi wa wanafunzi hauharibiki sana kwenye mchoro wa kwanza. Unaharibikia karakanani, pale mtu anapokosa bolti ya urefu uliotakiwa na kuweka nyingine "inayofanana".

Kwa hili huwa nawasimulia hoteli ya Hyatt Regency ya Kansas City, Marekani. Julai 17, 1981, njia mbili za kupitia zilizoning'inizwa juu ya ukumbi zilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na vyuma virefu vinavyoshuka mfululizo kutoka darini, vikipita kwenye njia ya juu hadi ya chini. Ili kurahisisha ujenzi, kila chuma kikagawanywa viwili: kimoja kutoka darini hadi njia ya juu, kingine kutoka njia ya juu hadi ya chini. Ukitazama haraka huoni tofauti. Ila wazia watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja ameishika kwa mikono yake. Kisha wazia yule wa chini ameiachia kamba na kumng'ang'ania mwenzake miguuni. Kamba inabeba uzito uleule, bali mikono ya wa juu inabeba mara mbili. Ndivyo viungo vya njia ya juu vilivyofanywa. Badiliko likapita bila hesabu ya kiungo kile kurudiwa.

Kwa hiyo katika klabu yetu sheria ni fupi. Anayebadilisha chochote anaandika nini, kwa nini, na nani mwingine amekikagua. Hata kama ni nati. Wanafunzi hunung'unika mwanzoni, wanaona ni urasimu, mpaka siku fremu inapopasuka na daftari linawaonyesha pa kuanzia.

Kwenye majadiliano, wa mwaka wa kwanza aseme kwanza na mlezi aseme mwisho. Ukianza wewe mwalimu, mjadala umekwisha, nani atakupinga? Nimeona pia kundi la watu wanne au watano linatosha. Likizidi hapo, wawili wanafanya kazi na waliobaki wanashika simu. Fedha zisitoke kununua vifaa kabla watu wawili hawajatia saini hesabu. Mchoro ufungwe mapema, theluthi ya mwisho ya muda ibaki ya majaribio. Mawazo mazuri yatakayokuja baada ya hapo yaandikwe kwa ajili ya mradi ujao. Yatakuja tu, tena usiku wa kuamkia mashindano.

Na uongozi ukabidhiane daftari, michoro na funguo za kabati kabla mitihani haijaanza. Ikishaisha mitihani, humpati mtu.