Muulize Bibi Fundi: Viraka vyangu vinapungua

Swali: Shikamoo Bibi. Niko Ohio, Marekani. Kwenye kikundi chetu tunabadilishana viraka vya mfarishi (blanketi la vipande vya vitambaa vilivyoungwa), inchi 12 na nusu kila upande. Vyangu vya kitenge, vipande tisa vya inchi 4 na nusu, vitatu kwa vitatu, vinatoka inchi 12 tu. Kwa nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mshono wako unakula kitambaa. Acha robo inchi tu ukingoni. Ukizidisha thumni (sehemu ya nane) ya inchi, kila mshono unameza robo zaidi, na kwa mishono miwili nusu inchi imekwenda. Bandika utepe kwenye cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kiufuate.

Na kitenge, tafadhali, kifue kwanza, kipige pasi, ndipo ukate. Kikija kuchuja rangi juu ya cheupe cha mwenzio, umemharibia mfarishi mzima.