Tangu Kambi Ifungwe Sijielewi

SWALI (2020, wakati wa korona): Shangazi, mimi nakimbia mita 800, naishi Umoja, Nairobi. Tangu Machi, kambi yetu ya mazoezi ilipofungwa sababu ya korona, niko tu kwa nyumba, usiku sipati usingizi, juzi mamangu kaniambia nile nikamfokea mpaka akalia. Raba zangu nimezisukuma chini ya kitanda sitaki kuziona. Ama niache riadha?

JIBU: Pole sana mwanangu, na usiache. Huo si uvivu, ni majonzi, maana mwili umezoea kuamka alfajiri kukimbia na wenzako halafu unanyang'anywa ghafla, lazima moyo uyumbe, na hata Olimpiki ya Tokyo imesukumwa hadi 2021 kwa hivyo hao wakubwa pia wanangoja kama wewe. Kwanza muombe mama msamaha, leo leo. Halafu toa hizo raba. Kafyu ikiisha asubuhi, beba barakoa, kimbia polepole peke yako bila saa ya kupima, urudi unywe uji na mama. Kocha naye mpigie, usimwambie tu mazoezi, mwambie hulali. Na mawazo yakikuzidi usinyamaze nayo, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure.