Ukitaka kukokotoa mvutano wa asteroidi, anza na mchemraba

Wadogo zangu wa hapa Mombasa mnaosoma fizikia huniuliza njia ipi ni bora ya kukokotoa mvutano (graviti) wa asteroidi, yaani jiwe la angani, lisilo duara. Nami nawauliza: chombo chako kitalisogelea kiasi gani?

Ukiwa mbali, hamoniki za tufe, yaani mfululizo wa hesabu unaoanza na mvutano wa tufe kisha kuongeza masahihisho madogo madogo ya umbo, zinatosha, tena ni nyepesi. Lakini chukua asteroidi Eros, yenye urefu wa kilomita 34 hivi na upana wa 11, iliyojipinda kama korosho. Chora tufe la kuizingira yote. Ubavuni, uso wa jiwe uko ndani sana ya tufe hilo, na humo mfululizo wa hamoniki hauaminiki: unaweza kuongeza masahihisho na jibu likazidi kuharibika. Chombo cha NASA, NEAR Shoemaker, kilipotua Eros mwaka 2001 kilipita humo humo.

Kwa kazi ya karibu napenda njia ya watafiti Werner na Scheeres. Umbo linafunikwa kwa pembetatu, kisha unajumlisha mchango wa kila pembetatu na kila ukingo. Densiti (uzito wa jiwe kwa ujazo wake) ikiwa moja kote, jibu ni kamili kwa umbo hilo. Maumbo ya Eros na ya asteroidi nyingine, Itokawa, yapo bure kwenye hazina ya data ya NASA. Hesabu ni nzito, kwa hiyo huiachia laptopu yangu kazi hiyo usiku, joto letu la pwani likipungua.

Ila usikimbilie Eros. Anza na mchemraba wa pembetatu 12. Kwa kila pembetatu, kokotoa pembe mango yake, yaani sehemu ya anga inayoziba ukiitazama kutoka nukta unayopimia (anga la pande zote ni 4π), pamoja na ishara yake: chanya au hasi kulingana na upande wa pembetatu unaouona. Jumla lazima iwe 4π ukiwa ndani na sifuri ukiwa nje. Ikija namba nyingine, tafuta pembetatu iliyogeuzwa au tundu kwenye umbo. Mtihani huu naupenda kuliko yote, kwa sababu hauhitaji mwalimu wa kusahihisha.

Halafu kumbuka kwamba densiti moja ni dhana tu. Asteroidi Bennu ilirusha vijiwe angani, wanasayansi wa OSIRIS-REx, chombo cha NASA kilichoizuru, wakafuatilia njia zake, na mvutano waliopima haukulingana na jiwe lenye densiti moja: kitovu na ukanda wa ikweta vilionekana vyepesi zaidi. Kwa hiyo modeli yako ikitofautiana na vipimo, na mchemraba ulishafaulu, usiifute tofauti hiyo. Ichore kwenye ramani ya jiwe uone imekaa upande gani.